Kusanya Karatasi Zako Kabla ya Kipenga cha Mwisho

Ndugu mchezaji wa Likasi, mwongozo huu ni wako wewe unayeamkia mazoezini Kikula au Panda, una miaka 19, au 24, au 31, na watoto bado wanakuita kwa jina lako la utani ukipita sokoni. Ni wako pia wewe uliyekwisha kuacha, unayeumwa goti ukipanda ngazi, na simu yako siku hizi hailii Jumapili jioni kama zamani. Humu nimeweka mambo ambayo mchezaji wa kwetu huambiwa akiwa amechelewa: namna ya kushika mkataba, kugawa pesa ya kusaini, kumiliki nyumba kisheria, kudai mshahara uliokwama, na kuutunza mwili na moyo baada ya uwanja.

Shina la yote ni moja. Mchezaji wa kwetu huishi kwa zawadi za wakubwa, na zawadi haina karatasi. Siku mkubwa akichukia, au akianguka, au kasha la klabu likikauka, mchezaji hubaki mikono mitupu, hana cha kumwonyesha mtu yeyote. Kwa hiyo, unapopewa kitu, hakikisha kinageuka kuwa haki iliyoandikwa, na uanze wakati bado unafunga mabao. Ukisubiri waache kukuhitaji, hakuna atakayekuwa na haraka ya kukutilia sahihi.

Mabao tisa, na baada yake

Machi 1974 mjini Cairo, Zaire ilicheza fainali ya Kombe la Afrika na jirani zetu wa Zambia. Walitoka sare 2–2. Wakarudiana siku mbili baadaye, Zaire ikashinda 2–0. Mabao yote manne ya Zaire aliyafunga mtu mmoja, Ndaye Mulamba wa AS Vita Club. Alimaliza mashindano yale na mabao 9, na mpaka leo hakuna Mwafrika aliyefikisha idadi hiyo katika Kombe la Afrika moja. Rais Mobutu aliwapokea mashujaa wake kwa shangwe, zikatajwa nyumba, yakatajwa magari.

Miezi mitatu baadaye Leopards hao wa Zaire walikuwa Ujerumani Magharibi, timu ya kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia. Huko ndiko walikotambua kwamba pesa zao hazipo. Walitaka kugoma kabla ya mechi na Yugoslavia, wakabembelezwa, wakaingia uwanjani wakiwa wamekata tamaa, wakafungwa 9–0. Ndaye mwenyewe alitolewa nje dakika ya 22 kwa kosa la mwenzake. Wakamaliza kwa kufungwa 3–0 na Brazil, wakarudi nyumbani ambako Rais alikuwa amekwisha kuwapa kisogo. Mwepu Ilunga, beki wa TP Mazembe ambaye dunia inamkumbuka kwa kuupiga ule mpira wa adhabu wa Wabrazili kabla haujachezwa, alizeeka akiwasimulia wanahabari jinsi walivyoachwa. Alifariki mwaka 2015.

Ndaye alipata mabaya zaidi. Mwaka 1994 CAF ilimwalika Tunisia, wakati wa Kombe la Afrika, kumpa heshima yake. Aliporudi Zaire, watu wenye silaha walimvamia wakidhani amekuja na pesa nyingi, wakampiga risasi ya mguu. Alikimbilia Afrika Kusini kama mkimbizi, akaishi Cape Town kwenye mitaa ya maskini, akawa analinda magari ya watu kwenye maegesho. Mwaka 1998, kwenye Kombe la Afrika lililofanyika Burkina Faso, watu walisimama uwanjani kimya dakika nzima kumwomboleza, maana habari ilikuwa imeenea kwamba amekufa. Alikuwa hai, Cape Town. Alifariki kweli Johannesburg, tarehe 26 Januari 2019.

Ukiisoma habari hii kama hadithi ya bahati mbaya, umeikosa. Tazama kisichokuwapo ndani yake. Hakuna mahali panapotajwa pensheni, wala bima ya kuumia kazini, wala deni ambalo angeweza kulidai mbele ya hakimu. Alichokuwa nacho ni moyo wa mtu mmoja aliyekuwa juu, na moyo wa mtu hubadilika kati ya mechi na mechi.

Wala usidhani mambo hayo yaliondoka na Mobutu. Februari 2016 Leopards walitwaa CHAN mjini Kigali kwa kuwafunga Mali 3–0, na Rais Kabila akawazawadia magari ya jeep. Gari ni jema, nami sikuambii ulikatae. Lipokee kwa mikono miwili, sema asante, kisha kesho yake uliza karatasi ya gari imeandikwa jina la nani, na ukae na mtu anayejua hesabu akuambie jeep inakunywa mafuta ya dola ngapi kwa mwezi. Wengi watakwambia liuze mapema, lingali jipya, ununue kitu kisichokunywa mafuta. Mimi ni mmoja wao.

Sisi wa Likasi somo hili tulilipata hata bila mpira. Gécamines ilikuwa baba na mama: nyumba yake, shule yake, hospitali yake, unga wake wa bukari. Kisha mwaka 2003 ukaja mpango wa "départs volontaires" uliogharamiwa na Benki ya Dunia, na wafanyakazi 10,655 wa Katanga wakaondoka kila mmoja na kitita chake mkononi. Uliza nyumbani kwenu, bila shaka yuko baba au mjomba aliyekuwamo. Mtu aliyezoea kulipiwa kila kitu anapewa fungu moja, siku moja, na kuambiwa kwaheri. Mchezaji wa mpira anaondoka vivyo hivyo, tena yeye hata kitita mara nyingi hana, na ana miaka 33 badala ya 55. Mwendee mzee huyo, mwulize pesa ile ilikwendaje, mwezi kwa mwezi. Atakufundisha kuliko benki yoyote.

Mkataba

Kwenye klabu ndogo, mazungumzo huenda hivi.

"Prezida, shikamoo. Nilikuwa naomba nakala ya mkataba wangu."

"Marahaba mwanangu. Nakala ya nini tena? Sisi hapa ni familia."

"Ndiyo baba. Ni mke wangu anaweka karatasi za nyumba, ameiulizia."

"Mwambie mama atulie. Nikikuahidi, nimekuahidi."

Usigombane na Prezida, maana yeye ni mzazi na kesho utamhitaji. Lakini usiondoke bila nakala. Njia ya heshima ni kuiomba siku ileile ya kusaini, kalamu ikiwa bado mkononi, kabla hujaweka sahihi yako. Sema tu: "Baba, nasaini mbili, moja yako, moja yangu." Hakuna anayekasirikia neno hilo siku ya furaha. Likikataliwa siku hiyo, umekwisha kujua mshahara utakavyolipwa.

Mkataba wenyewe usome kwa vitu vichache. Jina la klabu kama lilivyoandikishwa, siyo jina la Prezida peke yake. Tarehe ya kuanza na ya kumaliza: kanuni za FIFA haziruhusu zaidi ya miaka 5, na kwa aliye chini ya miaka 18 haziruhusu zaidi ya 3. Mshahara wa mwezi, kwa sarafu gani, siku gani ya mwezi. Pesa ya kusaini, yote au kwa awamu. Primu ya mechi, na kama inalipwa timu ikitoka sare. Mwisho, nani analipa daktari ukivunjika. Kipengele hiki cha mwisho ndicho kinachosahauliwa zaidi, na ndicho kinachowamaliza watu. Kama mkataba ni wa Kifaransa na Kifaransa chako ni cha shule ya msingi, mpelekee mwalimu, au wakili, au hata mseminari wa parokiani, akusomee kila mstari kwa Kiswahili.

Mshahara usipolipwa, jua haki yako. Kanuni za FIFA zinasema klabu ikikosa kukulipa mishahara ya miezi miwili, unaweza kuvunja mkataba kwa sababu halali, ila kwanza uiandikie barua ya kudai na kuipa angalau siku 15 ilipe. Barua, ndugu yangu, siyo ujumbe wa sauti. Iandike, ipeleke mwenyewe, wakutilie muhuri na tarehe kwenye nakala yako. Wakikataa kutia muhuri, itume kwa njia itakayoacha alama, barua pepe au hata WhatsApp ikiwa na picha ya barua yenyewe, usifute.

Kwa kudai, njia ni mbili. Kama wewe ni Mkongomani unayecheza nje, kwa mfano umefuata njia ya Fiston Mayele aliyetoka AS Vita kwenda Yanga ya Dar es Salaam mwaka 2021, kisha Pyramids ya Misri, kesi yako na klabu ya kigeni inasikilizwa na mahakama ya soka ya FIFA, na mchezaji halipishwi gharama za kufungua shauri. Angalia muda tu: baada ya miaka miwili tangu tukio, hawakusikilizi tena. Kama klabu ni ya hapahapa nchini, unaanzia kwenye vyombo vya shirikisho letu la mpira, FECOFA, na wala usitishwe na anayekwambia mchezaji haruhusiwi kwenda kwa serikali. Kwa mgogoro wa kazi, kanuni za FIFA zenyewe zinamwachia mchezaji haki ya kwenda mahakama ya kawaida, na kwa sheria ya kazi ya Kongo safari hiyo inaanzia kwa inspekta wa kazi, anayewaita pande zote mbili kupatana kabla ya shauri kufika kwa hakimu. Usikae miaka ukingoja huruma. Madai ya mshahara yana muda wake kisheria, na muda huo ni mfupi.

Na usione haya. FIFPRO, chama cha wachezaji cha dunia, kiliwahoji wachezaji karibu 14,000 wa nchi 54 na kutoa matokeo mwaka 2016: asilimia 41 walikuwa wamecheleweshewa mshahara katika misimu miwili, na asilimia 45 walikuwa wanapata chini ya dola 1,000 kwa mwezi. Anayedai mshahara hana ukorofi. Anafanya kama wengine wanavyofanya duniani kote.

Pesa ya kusaini

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo maisha ya baadaye yanapoharibikia.

Tuchukue mfano. Umesaini misimu miwili, umepewa dola 6,000 mkononi, na mshahara wa dola 200 ambao baadhi ya miezi utakuja na baadhi hautakuja. Siku ile dola 6,000 zinaonekana kama mlima. Gawa kwa miezi 24, ni dola 250 kwa mwezi. Hiyo ndiyo sura yake ya kweli: ni mshahara uliolipwa mapema. Anayeiona kama mlima hununua simu, suti, na bia za Simba kwa mtaa mzima, na kufikia Krismasi anakopa nauli ya kwenda mazoezini. Anayeiona kama dola 250 huiweka mahali inapotoka kidogokidogo.

Ligi yetu pia si ya kuitegemea mfululizo. Mwaka 2020 korona iliisimamisha, TP Mazembe wakatangazwa mabingwa mezani, na wachezaji wengi wa klabu ndogo wakakaa nyumbani bila kitu. Kwa hiyo kabla ya kitu kingine chochote, tenga chakula na kodi ya miezi sita, usiguse. Bila hiyo, jeraha moja la msuli litakufanya uuze kiwanja kwa bei ya kutupa.

Kisha familia. Najua uzito wake, na sitakwambia uifunge milango, maana aliyekununulia viatu vya kwanza ni shangazi yako, siyo wakala. Lakini familia ipangie fungu lake kwa mwezi, useme wazi ni kiasi gani, na umwachie mtu mmoja, mama au dada mkubwa, alisimamie. Anayekuja na shida unamwelekeza kwake. Utashangaa maombi yanavyopungua yanapopita mbele ya mama. Matanga na hospitali viwe na mahali pake humohumo. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi nunua daftari, la karatasi, uandike kila dola ulipoipeleka.

Pesa yenyewe usiiweke mahali pamoja. M-Pesa na Airtel Money ni za matumizi ya wiki, maana kilicho kwenye simu hutoka kwa kubonyeza tu, saa sita za usiku, ukiwa na marafiki. Likelemba, kule kuchangiana kwa zamu, ni nzuri ukiingia na watu unaowajua kwa sura na kwa nyumba, na kiasi kiwe kile ambacho ukikipoteza utaweza kulala. Benki ni ya akiba, na bora uwe na mbili: mwaka 2016 benki ya BIAC ilipoyumba, wateja wake waliwekewa kikomo cha kutoa pesa zao wenyewe.

Biashara ya madini itakuita. Huwezi kuishi Likasi usiitwe. Atakuja rafiki na hadithi ya kobalti, anataka dola 2,000 tu, wiki tatu zinarudi 4,000. Jiulize kama unajua kupima ubora wa jiwe, kama unamjua mnunuzi, kama una kibali. Februari 2025 serikali ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje ya nchi kwa amri moja, na wenye mizigo wakabaki nayo. Kama wafanyabiashara wazoefu walikwama, wewe wa kwenye uwanja wa Kikula ungefanyaje? Weka pesa kwenye kitu unachoweza kwenda kukitazama kwa miguu: shamba la mahindi, kuku, duka la unga linaloendeshwa na mkeo ambaye anajua wateja wake.

Palseli

Nyumba ndiyo pensheni wachezaji wengi wanayoipata, na ndiyo inayoibwa zaidi. Kwa sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi ya Kongo ni ya serikali, na wewe unapewa haki ya kuitumia. Uthibitisho wa haki hiyo ni "certificat d'enregistrement" inayotolewa na konsevateri wa hati za ardhi. Fishi ya palseli ya komini ni hatua ya njiani, haitoshi. Wala haitoshi karatasi ya mauzo iliyosainiwa na chifu wa mtaa mbele ya mashahidi wawili na chupa ya soda.

Basi ukinunua, nenda kwanza ofisini ukaulize palseli namba fulani imeandikwa jina la nani. Ukikuta jina si la anayekuuzia, achana naye, hata kama ni ndugu wa kocha. Ukinunua, malizia safari yote mpaka certificat, hata kama gharama zake zinaudhi. Wachezaji wengi huishia kwenye fishi kwa sababu pesa imekwisha kwenye tofali. Afadhali nyumba ya vyumba viwili yenye certificat kuliko ya sita ambayo wajukuu watafukuzwa humo.

Ukipewa nyumba na klabu au na mheshimiwa, fuata njia ileile. Uliza kwa upole: "Baba, lini twende kwa konsevateri?" Kama jibu ni kicheko, unakaa kwa hisani. Kaa kwa shukrani, lakini jenga pengine.

Neno moja kwa ajili ya mkeo. Andikisheni ndoa kwa afisa wa hali ya raia kwenye komini, msiishie kwenye mahari tu. Mchezaji akifa bila ndoa iliyoandikishwa, wajomba hufika na lori kabla ya arobaini, na mjane hana karatasi ya kuwaonyesha.

Kazi ya pili ianze kabla ya ya kwanza kuisha

Una mazoezi ya saa mbili au tatu kwa siku. Saa zinazobaki ni mali, na hakuna anayekulipa kuzilala. Kama uliacha shule, unaweza kufanya mtihani wa Diplôme d'État kama mtahiniwa aliyejisomea mwenyewe. Fanya ungali na miaka 25, kichwa kingali chepesi. Ukipenda kazi ya mikono, ulehemu, umeme na ufundi wa magari makubwa ni kazi zinazotafutwa katika ukanda wetu wa migodi, na taasisi ya mafunzo ya INPP inazifundisha.

Ukipenda kubaki kwenye mpira, jua kwamba kuucheza na kuufundisha ni kazi mbili. CAF ina ngazi za leseni za ukocha: D, C, B, A, na Pro. Ulizia kozi kwa viongozi wa mpira wa mji wetu au kwa FECOFA, uanze na ya chini ungali mchezaji. Robert Kidiaba, golikipa yule aliyekuwa anaruka kwa makalio Mazembe ilipofika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu mwaka 2010 dhidi ya Inter Milan, alipoacha akawa kocha wa makipa, kisha akachaguliwa mbunge wa jimbo letu la Haut-Katanga. Jina lake lilimfungulia mlango, ndiyo, lakini aliutumia mlango huo wakati jina lingali moto. Jina la mchezaji hupoa haraka mno. Omba kazi mwaka ule unaoacha, usingoje wa tatu.

Wengi mnaota kufungua kituo cha watoto. Ni ndoto nzuri na inaweza kulisha, ukiiandikisha. FIFA inataka mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba haujaisha, asilimia 5 ya bei igawanywe kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Kila mwaka wa miaka 12 hadi 15 ni robo ya asilimia moja, kila mwaka wa 16 hadi 23 ni nusu. Mtoto uliyemlea miaka minne ya kwanza akiuzwa dola milioni 1, kituo chako kina haki ya dola 10,000. Mbwana Samatta alipotoka Genk kwenda Aston Villa Januari 2020, waliomlea Dar es Salaam na Lubumbashi walikuwa ndani ya hesabu hiyo. Tangu Novemba 2022 FIFA ina ofisi maalumu ya malipo haya, nayo inafuata rekodi zilizoandikwa tu. Kituo kisichosajiliwa kwenye shirikisho, au ambacho fomu ya mtoto wake ilijazwa na klabu nyingine, hakipati kitu. Kwa hiyo kabla ya kununua mipira kumi, sajili klabu, na kila mtoto ajaziwe fomu kila msimu kwa umri wake wa kweli. Ukipunguza miaka ya mtoto, umemharibia yeye na umejiharibia mwenyewe.

Mwili, na usiku usiolala

Kabla hujaondoka klabuni, omba faili lako la daktari: picha za goti, majina ya sindano ulizochomwa ili ucheze fainali, tarehe za majeraha. Baada ya miaka kumi goti litakapovimba, daktari wa Panda atahitaji kujua nini kiliwahi kufanyika humo. Usiache mazoezi ghafla. Punguza pole pole, kimbia mara tatu kwa wiki, pima shinikizo la damu, na punguza bukari, maana tumbo lililozoea kula kwa ajili ya dakika 90 halijui kwamba mechi zimekwisha.

Moyo ndio mgumu zaidi, na kwetu hausemwi. Utafiti wa FIFPRO wa mwaka 2015 ulikuta dalili za huzuni nzito au wasiwasi kwa asilimia 35 ya waliostaafu, na asilimia 38 ya wanaocheza bado. Hao ni wachezaji wa nchi mbalimbali. Kwa hiyo ukijikuta unaamka saa nane usiku bila sababu, unakasirikia watoto, unakwepa kupita uwanjani, hujarogwa wala hujalaaniwa. Ni ugonjwa unaojulikana na una tiba. Pombe ya lutuku inautuliza saa mbili na kuurudisha mkubwa zaidi.

Mwambie mtu mmoja waziwazi: mkeo, au yaya wako, au mchezaji mwenzako aliyetangulia kuacha. Huyo wa mwisho ndiye bora, kwa sababu hutahitaji kumweleza. Kutaneni wawili watatu, mara moja kwa wiki, mcheze taratibu, mkae chini mzungumze. Ukiona mwenzako ameacha kuja, mfuate nyumbani, usitume salamu. Na mkiona mawazo ya kujiua yanamzungukia, msimwache peke yake usiku huo, na asubuhi mumpeleke hospitali kama mngempeleka aliyevunjika mguu.

Nawe mke wa mchezaji, kama unasoma haya: miezi ya kwanza baada ya kuacha, mumeo atakuwa nyumbani mchana kutwa, na hajui akae wapi. Mpe kazi yenye saa. Kumpeleka mtoto shule, kufungua duka, kwenda shambani. Usimsemee mbele ya mashemeji.

Safari ya kwanza: CNSS

Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 inamtaka mwajiri amwandikishe mfanyakazi wake kwenye CNSS, hifadhi ya jamii ya taifa, ile iliyokuwa ikiitwa INSS. Kwa pensheni, asilimia 5 ya mshahara hukatwa kwako na asilimia 5 hulipwa na mwajiri. Yeye peke yake hulipa asilimia 1.5 nyingine kwa ajili ya ajali za kazini, na goti lililovunjika kwenye mechi ni ajali ya kazini ukiwa umeandikishwa. Pensheni huanza ukiwa na miaka 60. Miaka minane ya mpira haitoshi peke yake, ila huhesabiwa pamoja na ya kazi utakayofanya baadaye, mradi namba yako ni ileile.

Basi chukua kadi yako ya mpiga kura na nakala ya mkataba, nenda ofisi ya CNSS asubuhi, kabla foleni haijawa ndefu, uulize mambo mawili: je, klabu hii inachangia, na je, mimi nina namba? Ukiambiwa huna, omba jibu kwa maandishi, kisha uandikie klabu barua ya kuomba uandikishwe, yenye tarehe. Ukiambiwa unayo, iandike kwenye ukurasa wa kwanza wa lile daftari.

Ukirudi nyumbani, piga picha karatasi zote kwa simu: mkataba, barua zenye muhuri, certificat, cheti cha ndoa, faili la daktari, namba ya CNSS. Zitume kwenye barua pepe yako na kwa dada unayemwamini. Za asili zifunge kwenye plastiki mbili, maana mvua zetu za Novemba hadi Machi hupita kwenye bati, na mkeo ajue zilipo.